Sauti Mbili za Bi Asia

“Sasa hapa mama yangu ni yupi?”

Zuhura aliniuliza hivyo huku ameshikilia spika za masikioni kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa zisimponyoke. Mbele yetu kwenye kompyuta kulikuwa na faili moja la sauti tulilolifungua kwa kasi mbili. Kwa kasi ya juu, mwanamke aliyekuwa akiimba alikuwa na sauti nyembamba, karibu ya msichana. Kwa kasi ya chini alikuwa mtu mzima, mwenye sauti nzito kidogo na pumzi ndefu. Zote mbili zilikuwa sauti za binadamu wa kweli. Mama yake alifariki Zuhura akiwa hajaanza kutembea, kwa hiyo hakuwa na cha kulinganisha. Mimi nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na tabia ya kuhoji kila kitu, na havikunisaidia.

Naanza na swali hilo kwa sababu vijana walioirithi kazi yangu wameniomba niwaandikie ilivyokuwa, na kila nikikaa kuandika ndilo linalokuja mbele. Wananiita mstaafu. Sijafika arobaini. Kituo chetu kidogo cha nyaraka hapa Bagamoyo kimeunganishwa na kikubwa huko Dar, nami sikutaka kuhama, basi nikafanyiwa sherehe ya kuagwa, nikapewa doti ya khanga na saa ya ukutani isiyo na betri. Vyeo na mishahara sitavizungumzia. Vyeo havikuwepo, na mishahara ilikuwa na tabia ya wageni wa heshima: hutangazwa mapema, hufika wanapotaka.

Siku ya kwanza niliingia kwenye jengo letu la Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo nikakuta vyumba viwili, kimoja kina kiyoyozi. Nikaenda moja kwa moja kwenye kile chenye kiyoyozi nikaweka mkoba wangu. Kumbe kilikuwa cha mashine. Binadamu tulikaa cha pili, na mlango wa kati tuliuacha wazi kidogo ili tuibe ubaridi.

Aliyenitoa humo ni Dada Salma, mtu wa Pangani, fundi aliyejifunza kazi hii kwa kufungua vitu na kuviharibu mpaka akafika mahali akawa haviharibu tena. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alichomeka flashi kwenye kompyuta akanionyesha faili.

“Hii nini?”

“Picha,” nikasema. Jina la faili liliishia na herufi zile za picha.

“Umejuaje?”

“Si jina linasema.”

“Kwa hiyo mtu akivaa kanzu tu, wewe ushamwita shehe?” Akalifungua kwa programu inayoonyesha faili likiwa tupu, bila nguo, namba na herufi mstari juu ya mstari. “Usisome jina. Jina anaandika yeyote. Soma mwanzo wake. Kila aina ya faili ina alama zake za kuanzia, kama watu wanavyopiga hodi. Huyu wa Pangani, huyu wa Mtwara, unamjua kabla hajaingia. Hii si picha. Hii ni barua, mwenyewe kaibadilisha jina mkewe asiione.”

Nikamuuliza kama ni haki yetu kuijua siri ya mtu. Nikamuuliza nani aliyesema kwamba alama zile ni za barua, na yeye aliambiwa na nani. Nikamuuliza kuna faida gani ya kuhifadhi kitu ambacho mwenyewe alitaka kisionekane. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshanipa jina: Bi Kwanini. Mimi ni Rukia, lakini hadi siku naondoka walikuwepo watu ofisini ambao hawakulijua hilo.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Karatasi ukiikinga na maji na mchwa, mjukuu wako ataisoma. Faili si hivyo. Faili linahitaji programu ya kulifungua, programu inahitaji kompyuta ya zama zake, na kompyuta za zama zile zimekwishauzwa kama chuma chakavu. Ili uliokoe, kwanza ujue ni la aina gani. Hapa pwani, vituo vidogo kama chetu vilikuwepo Pangani, Tanga na Unguja, na kila kimoja kilikuwa kikihangaika na mafumbo yaleyale peke yake. Salma na wenzake wakaamua watengeneze rejista moja ya pamoja mtandaoni: aina ya faili, alama zake za mwanzo, programu inayolifungua, na kama jambo hilo lina uhakika au ni la kubahatisha. Atakayegundua aandike, wengine wasome. Inasikika rahisi. Mkutano wa kwanza niliohudhuria ulikwisha tukiwa tumekubaliana juu ya chakula cha mchana tu.

Ugomvi ulikuwa kwenye neno moja, “imethibitishwa”. Inathibitishwa na nani? Mwenzetu wa Tanga, kijana aliyesoma madrasa na kompyuta kwa pamoja, akasema, “Mashahidi wawili. Nikahi inafungwa kwa mashahidi wawili, faili ni nani?” Watu wakacheka, kisha wakaanza kuandika. Ikawa ndiyo kanuni. Programu mbili zisizo na uhusiano zilifungue faili kwa namna moja. Programu zikikosekana, watafutwe watu wawili walioijua habari iliyomo tangu awali, wasikilizwe kila mmoja peke yake, asijue mwenzake kasema nini.

“Kwa nini wawili?” nikauliza. “Wakikosea wote?”

“Basi watakuwa wamekosea wawili,” Salma akajibu. “Afadhali hao kuliko wewe peke yako.”

Vifaa vyetu vilikuwa vya kusikitisha na ninavikumbuka kimoja kimoja. Tulikuwa na kisomeo cha diski laini kilichofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Tulikuwa na brashi ya wanja, mpya, kwa ajili ya vumbi. Hewa ya hapa ina chumvi, na chumvi hula yale meno ya shaba ya vifaa vya kompyuta mpaka yanakuwa kijani. Dawa yake ni kifutio cha penseli, kile cheupe laini, unasugua polepole upande mmoja tu. Vijana, msitumie kile chekundu. Kile ni msasa uliojificha.

Kesi nyingi zilikuwa za kuchekesha zaidi kuliko za maana. Alikuja mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mananasi kutoka Kiwangwa, kabeba kompyuta ndani ya tenga, na mananasi mawili juu yake kama malipo ya awali. Ndani ya kompyuta ile, kwa programu ambayo hakuna aliyekuwa nayo tena, kulikuwa na mihtasari ya vikao vyote tangu kikundi kianze. Tulitafuta alama zile kwenye rejista, tukaona Unguja walishaziandika, tukafungua siku hiyohiyo. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma. Kikao cha kwanza walibishana nani kala nyama ya kikao. Cha pili vilevile. Cha tatu alitajwa yeye kwa jina.

Akavua miwani. “Wanangu, linaweza kurudi kama lilivyokuwa?”

Salma alisema hilo ndilo faili pekee katika maisha yake aliloombwa alifunge.

Nami nilicheka, lakini jioni niliuliza swali langu la kawaida: sasa tumehifadhi nini, na kwa ajili ya nani? Salma akaniambia kazi yetu ni kufungua mlango, si kuchagua atakayeingia. Sikulikubali jibu hilo. Hadi leo silikubali sana, ila nimeacha kubisha.

Baada ya kesi hiyo ndipo alipokuja Zuhura.

Alikuwa fundi cherehani, ana duka lake dogo, na alikuwa amebakiza wiki chache aolewe. Alitoa kwenye mkoba sidii moja iliyofungwa kwa kipande cha kitambaa cha satini. Mama yake, Bi Asia, alikuwa somo, yaani yule mwanamke anayemfunda mwari kabla ya harusi, anayejua nyimbo za ndani na maana zake. Kabla mama huyo hajafariki, mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuwa akikusanya mambo ya kale alimwachia kinasa sauti kidogo cha kidijitali, kabla simu hazijafanya kazi hiyo, ili Bi Asia ajirekodi mwenyewe kwa wakati wake bila kuona haya mbele ya mwanamume. Mwanafunzi akachukua kinasa sauti chake, akaiachia familia nakala kwenye sidii, akaenda zake. Sidii ikakaa kabatini, chini ya nguo za Idi, kwa sababu hakuna mashine iliyokubali kuipiga.

“Mama aliwaimbia mabinti wa mtaa mzima,” Zuhura akatuambia. “Kila ninapokwenda kwenye singo, mwari akipakwa liwa na kuimbiwa kabla ya harusi, kuna mtu anasema, mimi niliimbiwa na mama yako. Mimi mwanawe ndiye sijaimbiwa. Nataka siku ya singo yangu aniimbie. Basi hilo tu.”

Ndani ya sidii mlikuwa na mafaili mawili. Moja lilikuwa la nyimbo. Katika lingine Bi Asia alikuwa akisimulia habari ya nyumba yao: nani aliijenga, nani alilala chumba kipi, kisima kilikauka lini. Mafaili yote mawili yalikuwa na alama zilezile za mwanzo, aina moja, na aina hiyo haikuwemo kwenye rejista yetu wala ya mtu mwingine yeyote tuliyemjua. Kampuni iliyotengeneza kinasa sauti ilishaacha kuvitengeneza. Mwanafunzi yule, familia ilimkumbuka kwa jina la Mwalimu tu, na walimu nchi hii ni wengi.

Salma alilipasua faili kwa nguvu, kama mtu anayefungua kopo bila kifungulio. Sauti ikatoka. Tatizo likawa kasi. Bila kujua kinasa sauti kiliandika kwa kasi gani, ni kubahatisha, na kasi mbili kati ya zote tulizojaribu zilitoa sauti ya binadamu. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilitosha kumfanya mtu awe watu wawili. Ndipo Zuhura aliponiuliza swali lile.

Salma akasema, “Mashahidi.”

Waliokuwa hai na waliomjua Bi Asia vya kutosha walikuwa wawili, ndugu zake wa tumbo moja. Dada yake mkubwa, Bi Mwanakheri, alikuwa akikaanga samaki sokoni na ndiye aliyemlea Zuhura. Kaka yao, Mzee Seif, dereva wa malori aliyestaafu, aliishi Kaole.

Bi Mwanakheri alikuja na harufu yake ya mafuta na pilipili, akakataa kiti, kisha akakubali. Tulimwekea nyimbo. Kwanza kwa kasi ya chini. Akasikiliza kwa makini, uso mkavu. Kisha kwa kasi ya juu. Haukwisha hata ubeti mmoja akaanza kucheka, akajifunika uso kwa khanga.

“Haya! Asia wewe! Sikilizeni anavyosema huyu mtoto!” Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha. “Ndiye huyu. Huyu mwembamba. Alikuwa hivi hivi, ukimsikia ukumbini unadhani mwari ni yeye.”

“Una hakika, mama?” nikamuuliza.

“Mwanangu, nimelala naye kitanda kimoja mpaka siku naolewa. Unaniuliza mimi hakika?”

Salma akamweleza kwamba sasa tutamsikilizisha na Mzee Seif. Bi Mwanakheri akasimama.

“Hizi nyimbo? Kaka asikie hizi? Mkimsikilizisha haya mambo ya ndani, mimi na nyinyi basi. Mtamtia aibu mtu mzima na mtamvunjia heshima marehemu.”

Hakuna aliyebisha. Hata mimi Bi Kwanini sikuuliza kitu. Aliyezaliwa huku haelezwi kwamba kaka hasikilizi nyimbo za unyumba alizoimba dada yake. Kwa hiyo Mzee Seif tulimwandalia faili la pili, la habari ya nyumba. Alama za mwanzo zilikuwa zilezile, aina ni moja, kwa hiyo kwetu kasi nayo ilikuwa ileile. Akiimba alisikika mwingine na akizungumza mwingine, kama watu wote walivyo, hatukushangaa.

Kaole tulikwenda wenyewe, mimi na Salma, na kompyuta ya mkononi. Mzee Seif alitupokea barazani, tukampa shikamoo, akatuuliza habari za wazazi wetu wote mmoja mmoja, walio hai na waliokwisha kutangulia, kisha ndipo akakubali kuvaa spika za masikioni. Zilimkaa vibaya juu ya kofia. Alikataa kuivua kofia.

Aliposikia kasi ya juu alikunja uso. “Nani huyu? Mtoto wa shule?”

Tukamwekea kasi ya chini. Bi Asia akaanza kutaja vyumba vya nyumba, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa kila chumba. Bi Asia alipofika chumba cha nyuma, mzee akasema pamoja naye, kwa sauti, bila kujua kwamba sisi tunamsikia, “Na hapa alilala Seif, mpaka alipokimbilia malori.”

Akavua spika, akazikabidhi kwa mikono miwili. “Huyu wa pili ndiye Asia. Mimi ndiye niliyemfumba macho, wanangu. Yule wa kwanza simjui.”

Kanuni ilitaka majibu yasomwe mbele ya mashahidi wote pamoja. Tulikutana uani kwa Bi Mwanakheri, chai na vitumbua vikiwa tayari, Zuhura amekaa kwenye kibao karibu na mlango wa jikoni. Salma akasoma: shahidi wa kwanza, kasi ya juu, shahidi wa pili, kasi ya chini.

“Ya juu?” Mzee Seif akarudia. “Dada, ile sauti ya mtoto ndiyo umesema Asia?”

“Wewe utajua wapi? Maisha yako yote uko barabarani. Unakuja Idi, unakula pilau, unapakia nazi, huyoo.”

“Na wewe masikio yako yamekaangwa pamoja na samaki wako.”

Tukacheka, hata Zuhura. Nao walicheka. Ulikuwa utani wa ndugu, kila mtu pale alijua, na ungeweza kuishia hapo.

“Lakini Mwanakheri, kwa kweli,” Mzee Seif akasema, “Asia hakuwa na sauti ile. Umemsahau.”

Bi Mwanakheri aliweka kikombe chini. “Nimemsahau?”

“Si kosa lako, miaka imepita—”

“Mimi nimemsahau Asia? Mtoto wake kamlea nani? Kila nikimtazama huyu namwona nani?”

“Mama mkubwa,” Zuhura akaingilia, “tuweke ile ya nyumba, msikilize wote wawili pamoja. Haina mambo ya ndani.”

“Mimi nitiwe mtihani? Nyumbani kwangu? Nimeshasema niliyosema. Sisikilizi tena.”

“Basi mjomba—”

“Na mimi nimeshasema,” Mzee Seif akasema, akasimama, akatafuta viatu vyake.

Zuhura alibaki amekaa. “Basi,” akasema. Hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi niliyekuwa karibu. “Basi, nimeacha. Sitaki tena.”

Tulirudi kwa miguu. Njiani nilimwambia Salma kwamba mimi nilisema tangu mwanzo: kumbukumbu ya mtu si ushahidi, watu husikia wanachotaka kusikia, na hawa wawili wamethibitisha. Nilizungumza sana. Tulipofika mlangoni mwa ofisi Salma akanigeukia.

“Leo usiniambie kitu, Rukia,” akasema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitaja kwa jina langu.

Kwenye rejista aliandika aina ya faili, alama zake za mwanzo, na mbele yake: kasi haijathibitishwa, mashahidi wamehitilafiana. Wenzetu wa Tanga na Unguja waliusoma mstari huo, wakaandika kwamba nao hawana la kuongeza.

Harusi ikawa. Siku ya singo waliletwa wanawake wa kuimba kutoka mtaa wa pili, hodari, wakaimba vizuri sana, na Zuhura akakaa kati yao amepakwa liwa, mzuri kama mwari anavyopaswa kuwa. Flashi yenye sauti mbili za mama yake nilimkabidhi mwenyewe, nikamwambia achague anayoitaka. Alinitazama kama niliyemwambia achague mama dukani. Mzee Seif alihudhuria nikahi msikitini, akampa bwana harusi mkono, lakini nyumbani hakuingia. Bi Mwanakheri alimfunikia sahani ya biriani akampelekea kibarazani kwa jirani alikokaa. Sahani ilirudi kama ilivyokwenda.

Vijana wenzangu, mtaona nimejaza kurasa juu ya faili moja na sijagusa mamia ya mengine. Ni kweli rejista ilikua. Siku hizi mtu wa kisiwa kingine anaweza kujua kwa dakika moja jambo lililotuchukua mwezi, na kuna kanda za maulidi, ramani za mashamba, na picha za mahafali za shule iliyofungwa ambazo zipo kwa sababu mtu fulani alijaza mstari mmoja kwa uangalifu. Lakini sijui mnajisikiaje mnapoandika “haijathibitishwa”. Kwenu ni neno la kazi. Kwa mwenye faili ni hukumu. Watu wengi tuliowaambia hivyo walichukua vitu vyao wakaondoka, na sikuwaona tena, na siwezi kuwalaumu kama walivitupa. Tulipaswa kuwaambia kwa namna nyingine. Sijui namna gani. Nimeifikiria miaka mingi na bado sijaipata.

Bi Mwanakheri alifariki miaka michache baadaye, ghafla, akiwa bado anakaanga. Mzee Seif alikuja kutoka Kaole akaingia nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu siku ya vitumbua. Alishika jeneza pembe ya mbele, akashuka kaburini mwenyewe ingawa vijana walimkataza. Siku ya hitima aliniita pembeni.

“Mwanangu, ile mashine yenu imesemaje?”

“Bado, mzee.”

“Bado.” Akatikisa kichwa. “Mimi nilimwambia kasahau. Neno lile halikuwa na haja.”

Nilitaka kumwambia kitu cha kumfariji na sikuwa na kitu ambacho ningeweza kukithibitisha. Hayo ndiyo malezi ya kazi yetu. Mwaka uliofuata naye akazikwa, huko Kaole, na Zuhura alikuja kutoka Dar na watoto wake wawili. Tulisalimiana. Hakuniuliza kuhusu sauti, nami sikumtajia.

Salma amerudi Pangani, kastaafu kwa umri wa kustaafu, tofauti na mimi. Nikimpigia simu ananiuliza nimeuliza maswali mangapi leo.

Mimi sina ofisi tena, lakini kwa mazoea bado naifungua rejista asubuhi nikinywa chai. Juzi kwenye mstari ule wa zamani nilikuta maelezo mapya. Mwenzetu wa Unguja alikutana na kinasa sauti kama kile kwenye meza ya vitu vya mitumba, kizima, betri tu imekwisha. Akakifungua, akakijaribu: faili lake lilianza kwa alama zilezile za mafaili ya Bi Asia. Ubavuni kina kiswichi kidogo ambacho kucha ndiyo inayokisukuma. Ukikisukuma upande mmoja, kinarekodi kwa kasi ya juu, sauti ni nzuri lakini nafasi inajaa haraka. Ukikisukuma upande wa pili, kinarekodi kwa muda mrefu, kwa kasi ya chini. Akajirekodi pande zote mbili, akayalaza mafaili yake ubavu kwa ubavu. Alama za mwanzo hazitofautiani hata moja. Inayotofautiana ni alama moja tu, mbali kidogo ndani, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutazama.

Nakala za mafaili ya Bi Asia ninazo. Niliyafungua yote mawili nikaenda hadi kwenye alama hiyo. Faili la nyimbo, alilolisikia Bi Mwanakheri, lilirekodiwa kwa kasi ya juu. Faili la nyumba, alilolisikia Mzee Seif, lilirekodiwa kwa kasi ya chini.